Karanga, simba na salfa: yale ambayo historia ya Nachingwea na Ruangwa inatufundisha kuhusu usalama shambani



Huu ni wakati ambao ufuta unaelekea mnadani na mikorosho inaanza kuhudumiwa. Maswali ninayopata kila siku ni ya bei, ya mgao wa salfa na ya tarehe ya mnada. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini kuna swali moja ambalo ni nadra mtu kuniuliza: kazi hii ninayokwenda kuifanya kesho inaweza kuniumiza wapi?

Ruangwa tuna machimbo, na kila mtu anajua kwamba shimo la mgodi ni hatari. Shamba hatulihesabu hivyo, kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Ilhali Shirika la Kazi Duniani linakiweka kilimo pamoja na uchimbaji madini na ujenzi kuwa ndizo kazi tatu zenye hatari kubwa kuliko nyingine duniani. Kwa hiyo mkulima na mchimbaji wako kundi moja. Tofauti ni kwamba mchimbaji anatazama juu kabla ya kuingia shimoni, sisi tunaingia shambani tukiwa tumetazama chini.

Leo nataka tujifunze kwa kutumia historia ya wilaya zetu wenyewe. Ukiifuatilia kuanzia mwaka 1947 mpaka leo utaona jambo moja linajirudia. Hatari za zamani tunazijua, na wazee walituachia desturi za kujikinga nazo. Zinazotuumiza zaidi ni zile zinazokuja na kazi mpya au na mabadiliko ya namna ya kuishi. Kazi inafika mapema, desturi ya kujikinga inafika kwa kuchelewa. Katikati hapo ndipo watu wanapoumia, na mara nyingi anayeumia ni kibarua.

1. Mradi wa karanga: mashine zilifika kabla ya maswali

Wengi wetu tunasikia majina kama Farm 17 pale Nachingwea bila kujiuliza hizo namba zilitoka wapi. Zinatokana na mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 bwana mmoja aliyeitwa Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza zilimwe zaidi ya ekari milioni 3 katika muda wa miaka sita.

Maeneo matatu yalichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara pamoja na reli ya kuja huku bara. Reli hiyo ilifika Nachingwea mwaka 1949, na mwaka 1962 ikafungwa. Mradi wenyewe ulikuwa umeshafutwa tangu Januari 1951, baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Mwaka wa kwanza, 1947, lengo lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopatikana zilikuwa kama 7,500 tu.

Watu husimulia mradi huu kama kichekesho cha fedha zilizopotea. Mimi nataka tuutazame kama somo la usalama kazini.

Kongwa, ambako kazi ilianza, kulikuwa na mibuyu mikubwa yenye mashimo, na ndani ya mashimo hayo walikaa nyuki. Mashine zilipogonga miti, nyuki walitoka na kuwashambulia wafanyakazi, na wengine wakalazwa hospitali. Mtoto yeyote wa kijiji cha jirani angeweza kuwaambia kwamba mbuyu wenye shimo usiugonge kabla ya kuuchunguza. Hakuna aliyemuuliza. Udongo nao ulikuwa hivyo hivyo: wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, majembe ya trekta yakalika na karanga zikanasa ardhini. Wenyeji walijua tabia ya udongo huo siku nyingi.

Mashine nazo zilikuja na hatari zake. Nyingi zilikuwa matrekta yaliyokwishatumika, na mengi yaliharibika mwaka ule ule wa kwanza. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Njia mojawapo ya kuangusha msitu ilikuwa kufunga mnyororo mzito, wa aina ya ule wa nanga ya meli, kati ya matrekta mawili. Yalitembea sambamba na kuuvuta msitu chini. Fikiria mtu aliyekuwa hajawahi kushika usukani, anafundishwa haraka haraka, kisha anapelekwa kufanya kazi ya namna hiyo.

Somo kwetu sisi ni hili. Hatari ya nyuki na hatari ya mti huwa na dalili, na dalili zinaonekana kabla ya kazi kuanza. Unapoandaa shamba jipya, au unaponunua shamba lenye vichaka katika kijiji usichokulia, fanya yafuatayo:

- Zunguka shamba lote siku moja kabla ya kufyeka. Tazama mashimo ya miti, vichuguu na magogo yaliyolala. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka mahali pamoja, hapo pana mzinga. Usiguse mti huo. Muite mrina asali anayeijua kazi.
- Muulize jirani. Nyoka wanapopenda kukaa, mahali palipowahi kuwa na kisima, shimo la mkaa au choo cha zamani, yote hayo jirani anayajua.
- Nyuki wakitoka, usisimame kuwapiga. Funika uso kwa nguo, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari na ufunge mlango. Mwiba wa nyuki ukwangue mara moja kwa ukucha au upande wa kisu. Aliyeumwa na nyuki wengi, au aliyevimba uso na kubanwa pumzi, apelekwe hospitali papo hapo.
- Unapokata mti, tazama juu kwanza uone kama kuna tawi bovu. Tazama mti umeegemea wapi. Andaa njia ya kukimbilia upande wa nyuma. Watu wengine wote wakae mbali kwa umbali unaozidi urefu wa mti mara mbili. Mti uliokwama kwenye mwenzake usipite chini yake, hata kama una haraka kiasi gani.

2. Dungu: hatari iliyofuata mavuno

Miaka ya 1970 watu wengi wa mikoa ya kusini walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Vijiji vilileta shule, zahanati na barabara. Lakini pia vilitenganisha nyumba na mashamba. Mikorosho na mashamba ya nafaka ya watu wengi yalibaki mbali. Hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za kuporomoka kwa korosho, kutoka tani kama 145,000 za msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87.

Umbali huo ulikuwa na upande mwingine ambao haukutajwa sana. Shamba likiwa mbali na nyumba, mazao yanapokomaa lazima mtu akalale huko kuyalinda. Tunajenga dungu, tunachukua mkeka, tunakaa na moto mdogo.

Kati ya Januari 1990 na Septemba 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300. Sehemu kubwa ya matukio ilikuwa kusini mwa nchi, na Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walikusanya taarifa hizo na kuzichapisha mwaka 2005. Hawakuishia kwenye kuhesabu vifo. Waliuliza ni lini, wapi, na mtu alikuwa anafanya nini.

Majibu yao yanamhusu kila mkulima. Mashambulizi yaliongezeka kati ya Machi na Mei, yaani wakati wa mavuno. Sababu kubwa ilikuwa nguruwe pori. Nguruwe wanafuata mahindi na mihogo, mkulima anakwenda kulala shambani kwa sababu ya nguruwe, na simba anamfuata nguruwe. Simba akifika anamkuta mtu amelala kwenye kibanda kisicho na ukuta. Pale ambapo wanyama wengine wa kuwindwa walikuwa wamekwisha, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Utafiti mwingine wa kundi hilo, uliotolewa mwaka 2011, uliangalia mwezi. Uligundua kwamba hatari ni kubwa zaidi katika siku zinazofuata mbalamwezi kamili kuliko siku zinazoitangulia. Siku hizo mwezi unachelewa kuchomoza, kwa hiyo saa za jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne, giza ni nene wakati watu bado wanatembea. Simba naye usiku wa mwezi mkali hakupata windo kirahisi, hivyo ana njaa.

Unaona jinsi hatari inavyosomeka? Ina msimu, ina saa, ina mahali na ina kazi inayoiita. Mtu akiniambia "ajali haina kinga", ninamjibu kwa mfano huu. Ajali nyingi zina ratiba yake.

Siku hizi katika vijiji vyetu vingi mgeni wa usiku ni tembo kuliko simba, lakini hesabu ni ile ile. Kama unalinda mazao:

- Usilinde peke yako. Pangeni zamu na majirani wa mashamba yanayopakana.
- Dungu liwe la juu na imara, si kibanda cha chini kisicho na mlango. Usilale chini na watoto ukingoni mwa shamba.
- Safisha vichaka kuzunguka dungu na njia ya kwendea. Jioni tembeeni kwa kundi, na tochi iwe na betri nzima.
- Ukiona nguruwe wameanza kuingia shambani, ujue na wanaowafuata wako karibu. Toa taarifa.
- Tembo usimkaribie kumfukuza kwa mawe, na usimzungushie watu. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji ili askari wa wanyamapori wafike. Gunia la mahindi linapatikana tena mwakani.
- Vuna mapema kadiri zao linavyoruhusu, usafirishe nyumbani. Kila usiku unaopunguza wa kulala shambani umepunguza hatari.

3. Salfa: dawa iliyookoa korosho na kuingia mapafuni

Mwaka 1979 ugonjwa wa ubwiri unga ulitambuliwa kwenye mikorosho ya kusini. Wewe unaujua: unga wa kijivu cheupe unaofunika maua na majani machanga, maua yanakauka na korosho hazishiki. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walihangaika na ugonjwa huu miaka mingi, na jibu lililoenea kwa wakulima lilikuwa salfa ya unga. Bila salfa, na bila miche bora iliyofuata, pengine leo tusingekuwa tunazungumzia mnada wa korosho Nachingwea na Ruangwa. Salfa imejenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Sina ubishi na salfa.

Lakini iangalie kama kazi. Kabla ya ubwiri unga, kuhudumia mkorosho kulikuwa kufyeka chini, kupogoa matawi na kuokota. Hakuna babu aliyekuwa na desturi ya kujikinga na unga unaotoka kwenye mashine ya kubeba mgongoni. Mashine ilipofika tukaishika kama tunavyoshika jembe, yaani kifua wazi, kitambaa kimefungwa kichwani, sigara mdomoni. Hiyo ndiyo nafasi niliyoitaja mwanzoni: kazi imefika, desturi bado.

Salfa inawasha macho, ngozi na njia ya hewa. Ikichanganyika na jasho inachoma zaidi. Mtu anayepuliza mikorosho mia kwa siku anavuta unga huo kwa saa nyingi, na mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya. Jambo jingine wengi hawalijui: salfa inawaka. Vumbi lake likiwa zito hewani linaweza kushika moto kwa cheche, na moshi wake ni sumu inayokaba koo. Sasa weka pamoja mambo haya: vumbi la salfa, injini yenye moto, dumu la petroli na kibarua anayevuta sigara.

Habari njema ni kwamba namna salama ya kupuliza ndiyo namna inayofanya dawa iwe na nguvu. Salfa inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Umande unaushika unga, na utulivu wa hewa unaupandisha juu ya mti badala ya kuurudisha usoni kwako. Anayeanza saa nne asubuhi upepo ukiwa umechangamka anapoteza dawa, na hiyo dawa inayopotea ndiyo inayoingia mapafuni mwake. Kwa hiyo hata kama hujali kifua chako, jali mfuko wako.

Utaratibu ninaowaomba wote muufuate ni huu:

- Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya kufunika, kofia, miwani ya kufunika macho na barakoa ya vumbi. Kitambaa kilichokunjwa ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini hakitoshi kwa mtu anayepuliza kila siku.
- Simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Upepo ukigeuka, geuka nao. Ukizidi, simamisha kazi.
- Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na salfa au mashine. Zima injini na uiache ipoe kabla ya kuongeza petroli.
- Watoto na mama wajawazito wasiwe shambani wakati wa kupuliza. Kushika mfuko wa salfa si kazi ya mtoto wa shule.
- Salfa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Usifikiche.
- Ukimaliza, oga kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake.
- Mifuko ya salfa isilale chumbani wala jikoni. Iwe mahali pakavu, mbali na moto, na mlango ufungwe.

Wewe mwenye shamba unayeajiri vijana wa kupuliza, jua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Tusijifiche nyuma ya kusema "huyu ni kibarua tu wa siku mbili". Barakoa na miwani ni gharama ya uzalishaji kama ilivyo petroli. Ukipiga hesabu ya msimu, ziweke humo. Na wewe kijana unayepulizia watu mashamba kwa malipo ya kila mti, wewe ndiye unayevuta unga wa mashamba ishirini. Mwenye shamba anavuta wa shamba lake moja. Kabla ya kukubaliana bei, kubalianeni vifaa.

4. Kazi mpya za leo

Matrekta ya mradi wa karanga yaliondoka, lakini miaka hii matrekta yamerudi, safari hii kwa kukodi. Pawatila nazo zimeongezeka, na dawa za kuua magugu zimechukua nafasi ya jembe la palizi katika mashamba mengi ya ufuta. Wanunuzi wana maghala vijijini. Hizi ndizo kazi mpya za kizazi chetu. Tusingoje miaka thelathini ndipo tuweke desturi.

Trekta. Linaua zaidi kwa kupinduka na kwa kumwangusha mtu aliyepanda pasipo na kiti. Nchi ya Sweden ilianza mwaka 1959 kulazimisha kila trekta jipya liwe na fremu imara ya kumlinda dereva likipinduka, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana. Unapokodi trekta, liangalie kama lina fremu hiyo. Mtu mmoja, kiti kimoja. Asikae mtu kwenye tindo, kwenye jembe wala kwenye ndoano ya tela. Shafti inayozunguka nyuma iwe na kifuniko, na mwenye kanga, shuka au shati lililofunguliwa asiisogelee. Kina mama, kanga ikinaswa pale hakuna nguvu ya kuivuta. Na watu wasipande juu ya magunia ya ufuta kwenye tela kurudi kijijini.

Dawa za magugu na wadudu. Tazama rangi iliyo chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali, njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Kijani haina maana kwamba unaweza kuionja. Usipime dawa kwa kifuniko cha chai, usizibue bomba kwa kupuliza kwa mdomo, na chupa tupu itoboe ili mtu asiitumie kuwekea maji. Mtu akimeza dawa, usimtapishe na usimpe maziwa kwa kubahatisha. Mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenye lebo, ili mganga ajue anatibu nini.

Hapa nazungumza na wewe mfanyabiashara. Kuuza dawa ya kilimo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lakini zaidi ya kibali kuna suala la utu. Kumimina dawa kwenye chupa ya soda ili umuuzie mteja wa robo lita ni kuiweka sumu mahali ambapo mtoto amezoea kuona kinywaji. Mteja ataondoka bila lebo, bila kipimo na bila onyo. Ukikosa ujazo mdogo, agiza paketi ndogo zilizofungwa kiwandani. Usimimine.

Ghala. Vidonge vya kufukiza mazao hutoa gesi vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo inaua mtu kama inavyoua fukusi. Usivitumie kwenye nyumba wanamolala watu, hata kama chumba cha mazao kina mlango wake, kwa sababu gesi inapita kwenye dari na nyufa. Kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa, na ghala lipitishwe hewa ya kutosha kabla ya kuingia. Magunia nayo yapangwe kwa kufungamana kama matofali, yasipande wima hadi darini. Gunia la korosho la kilo 80 likidondoka kutoka juu linavunja shingo. Libebwe na watu wawili.

5. Maswali manne kabla ya kuanza kazi yoyote

Kutoka kwenye nyuki wa Kongwa, simba wa msimu wa mavuno na unga wa salfa, tunaweza kutengeneza desturi yetu wenyewe. Kabla ya kazi, hasa ambayo hujawahi kuifanya au unaifanya kwa kifaa kipya, jiulize na kisha uwaulize wenzako:

1. Nini kinaweza kuumiza hapa? Kitaje kwa jina: mti bovu, shafti, unga, tembo, gunia.
2. Kinaumiza saa ngapi na msimu gani? Je, tunaweza kubadilisha muda?
3. Nani yuko karibu nacho zaidi? Mara nyingi ni kibarua, mtoto au mgeni asiyejua eneo.
4. Kikitokea, tunafanya nini? Maji yako wapi, simu ya nani ina salio, bodaboda ya nani iko karibu, kituo cha afya kiko wapi?

Maswali haya yanachukua dakika tano. Hayahitaji mradi wala mfadhili. Waliokuja na matrekta mwaka 1947 walikuwa na fedha, meli na reli, lakini dakika hizo tano za kumuuliza mwenyeji hazikuwepo.

Ombi langu kwa wiki hii ni dogo. Kabla hujawasha mashine ya kupulizia, waite wote watakaokuwa shambani, wasimame pamoja, na mpitie maswali hayo manne kwa sauti. Kama kijana mmoja hana barakoa, asianze mpaka ipatikane. Kama kuna kifaa usichokijua au dawa usiyoielewa lebo yake, njoo nayo ofisi ya kata au nipigie kabla ya kuitumia. Nitafurahi zaidi kuulizwa mapema kuliko kuitwa baada ya mtu kuumia.

Nawatakia msimu mwema, na kila aliyekwenda shambani arudi nyumbani akiwa mzima.